Kijumba cha Juu ya Nyumba

Mwanza hautazamwi kwa mbele. Miji ya tambarare humwonyesha mgeni uso wake: baraza, geti, mlango wa mninga, rangi ya ukuta. Vilima vya hapa vimeivuruga adabu hiyo. Panda njia yoyote ya Mabatini inayopenya kati ya mawe, geuka nyuma, na nyumba uliyoipita dakika mbili zilizopita itakuonyesha utosi wake na kila kitu mwenyewe alichodhani amekificha huko: tairi la kuzuia bati lisipeperuke, dishi lililokula kutu, ndala ya mtoto, vipande vya kenchi vilivyobaki tangu ujenzi. Huku paa ndilo uso. Jina lenyewe la kata limebeba bati ndani yake.

Kwa hiyo naomba uhakiki huu uanzie juu, mahali ambapo wahakiki wetu wa majengo, wachache tulio nao, huwa hawafiki.

Miaka ya karibuni paa za Mabatini na za vilima jirani zimeota kitu. Ni kijumba. Kina pande nne, kila upande kama mita moja na nusu, kimesimama katikati ya paa au kwenye kona ya mbele, na kina kipaa chake chenyewe kilichochongoka, cha bati la rangi ileile ya nyumba, au nyekundu ikiwa nyumba ni ya kijivu. Kina madirisha. Hakina mlango. Juu kabisa kimechomekwa kitu cha chuma kinachofanana na mkuki, au jogoo, au nyota. Mafundi wengine hukiita kinara, wengine kijumba, wengine mnara mdogo, na wateja wengi hawakiiti chochote. Hufungua simu, humwonyesha fundi picha, humwambia "weka na hiki".

Dirisha la chumba ninachopanga linatazamana na kimoja. Nimekitazama kwa miaka miwili, asubuhi na jioni, kwa hiyo nakifahamu kuliko ninavyomfahamu mwenye nyumba. Vioo vyake ni vya bluu, vile vya kurudisha taswira, na jua la saa kumi na mbili jioni likivipiga vinawaka hadi unadhani kuna mtu ndani amewasha taa. Hakuna mtu. Hakuna hata ndani: kioo kimebandikwa juu ya ukuta wa tofali usio na tundu. Njiwa wamejenga kwenye pembe ya kipaa, na ndio wapangaji pekee ambao kijumba hiki kimewahi kuwa nao.

Ni rahisi kukicheka. Nimesikia wasomi wenzangu wakikicheka, wakisema ni ushamba wa fedha mpya, ni picha za mtandaoni zilizonakiliwa bila akili. Sitaki kuanzia huko. Mtu aliyetoa mabati ya geji 30 ya babu yake yaliyotoboka, akaezeka upya, akabakiwa na kitu cha kuweka juu kwa ajili ya kupendeza tu, ana haki ya kupendeza. Uhakiki unaomsuta maskini kwa kupenda urembo haunivutii, hasa ukiandikwa na watu wanaosafiri kwenda Unguja kupiga picha milango ya nakshi. Swali langu ni lingine, na ni la kizamani: kijumba hiki kinafanya kazi gani?

Neno mnara limetujia kutoka Kiarabu, na mzizi wake ndio ule ulio ndani ya neno nuru. Mahali pa mwanga, penye moto wa kuongozea watu. Mnara, kwa asili ya jina lake, ulikuwa unatoa kitu. Pwani yetu iliishi karne nyingi bila kuuhitaji sana. Misikiti mingi ya kale ya Waswahili haikuwa na mnara, adhana ilitolewa kutoka darini au kwenye ngazi. Ile iliyojengewa mnara inajulikana kwa majina: Mandhry pale Mombasa, ambao tarehe yake ya kawaida ni 1570, na msikiti wa Ijumaa wa Shela kule Lamu, wa 1829, yote ikiwa na minara minene iliyosinyaa kuelekea juu kama kichuguu. Ukiitazama unaelewa hesabu yake. Sauti ya mtu mmoja inafika mbali zaidi ikianzia juu ya paa za wengine. Vipaza sauti vilipokuja muadhini akashuka chini, mnara ukabaki, na hakuna aliyeona haja ya kuubomoa, kwa sababu wakati huo macho nayo yalikuwa yameshazoea kuuitumia: ukiwa baharini au kichochoroni, unajua msikiti uko wapi.

Jamaa zetu wanaozungumza Kiswahili kule Ghuba wameishi na aina nyingine. Katika mtaa wa Bastakiya, Dubai, wafanyabiashara waliotoka Bastak, ng'ambo ya maji upande wa Iran, walijenga nyumba zenye minara ya upepo. Ni shimo lenye pande nne lililogawanywa kwa kuta za mshalabela; upepo kutoka upande wowote unanaswa juu, unashushwa chumbani, na hewa ya moto inatafuta njia ya kutokea upande wa pili. Kabla ya umeme, mnara huo ulikuwa tofauti kati ya kulala na kukesha. Siku hizi hoteli kubwa za mji uleule zimejengwa na minara yenye sura hiyohiyo, mizuri, mipya, na chumbani baridi inatoka kwenye kiyoyozi. Wala si Dubai peke yake. Kule Marekani ghala za wakulima ziliwekewa vijumba vya paani vyenye mbao za mlalo ili majani makavu yapate hewa yasioze wala kushika moto; leo kijumba hichohicho kinauzwa dukani, cha plastiki, cha kuweka juu ya gereji. Inaelekea hiyo ndiyo safari ya kila kitu kinachopanda paani. Kinapanda kwa shida fulani, shida inatatuliwa kwa njia nyingine, chenyewe kinabaki na sura.

Lakini mfano ulionisumbua zaidi uko Zanzibar, na unaniharibia hoja yangu, kwa hiyo nitakaa nao kidogo.

Beit el-Ajaib, Jumba la Maajabu, lilijengwa na Sultani Barghash bin Said mwaka 1883, mbele ya bahari ya Forodhani. Mwanzoni halikuwa na mnara. Mnara ulisimama peke yake mbele ya majumba ya sultani, ukiongoza meli. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza zikashambulia, vita vikaisha kabla saa moja haijatimia, na mnara ule ukaharibiwa vibaya kiasi cha kutofaa tena. Mwaka uliofuata, katika ukarabati, mnara mpya wa saa ukapachikwa kwenye uso wa Jumba la Maajabu lenyewe. Kupachikwa ndilo neno sahihi. Mchoraji wa jumba hakuwa ameuwaza. Mabaraza yake marefu ya nguzo za chuma yalikuwa yamepangwa kwa mlalo, yakinyooka kimya kutoka kona hadi kona, na sasa katikati yake kikachipuka kitu cha wima.

Kwa kanuni ya kawaida ya uhakiki, hilo ni kosa. Ni kijumba cha Mabatini kwa kiwango cha kisultani: kitu kilichoongezwa juu ya nyumba iliyokwisha kujitosheleza. Hata hivyo jumba lililokuwa bila mnara kwa miaka 14 tu likaishi nao kwa zaidi ya 120, na kwa vizazi vyote tulivyokutana nalo, kwenye kadi, kwenye vitabu vya shule, kwenye picha za wageni, mnara ndio uliokuwa jina lake. Tarehe 25 Desemba 2020, ukarabati ukiendelea, sehemu kubwa ya mbele ya jumba iliporomoka na mnara ukaenda nayo. Watu wawili walikufa. Nilipoona picha siku ile, na naamini sikuwa peke yangu, jicho langu lilitafuta kwanza mahali pa mnara. Pengo lilikuwa pale. Yale mabaraza, kazi kubwa zaidi na ya asili zaidi, niliyaona baadaye.

Kwa hiyo sitasema kwamba kilichopachikwa ni cha uongo. Mnara wa 1897 ulikuwa umepachikwa na ulikuwa wa kweli. Tofauti iko wapi? Nadhani iko kwenye mwelekeo wake. Saa ile haikutazama ndani ya jumba. Ilitazama nje, kwa wachukuzi wa bandarini, kwa mabaharia, kwa muuza kahawa. Aliyekuwa hana saa mkononi alipewa saa. Taa ya meli ilikuwa hivyo, adhana ilikuwa hivyo, kengele ya kanisa ni hivyo: mnara unakudai umtazame, na ukishamtazama anakulipa kitu. (Hapo naiacha pembeni minara ya boma, kama ule wa Wajerumani pale Mikindani wa 1895. Nayo ilitazama nje, ila ilikuwa ikihesabu watu.)

Kijumba kilicho mbele ya dirisha langu kinataka nikitazame. Nimekitazama miaka miwili. Sijalipwa.

Na sasa nifike kwenye maji, kwa sababu huku kwetu mazungumzo yote ya juu na chini huishia kwenye maji.

Mtu asiyeijua Mwanza hudhani mji uliokaa kwenye ukingo wa Ziwa Victoria hauwezi kulia kiu. Tatizo ni kwamba ziwa liko chini, watu wako juu. Maji yakishasafishwa yanasukumwa kwa pampu kupanda vilima, kwenda kwenye matenki makubwa, kisha yanarudi yenyewe kwa mteremko hadi kwenye mabomba. Umeme ukikatika, au presha ikipungua, wa kwanza kukosa ni wa juu. Mabatini inaanzia kwenye bonde la Mto Mirongo na kupanda, kwa hiyo ndani ya mtaa mmoja kuna watu wanaofua kila siku na watu wanaofua bomba linapotoka. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20. Ngazi zetu ni mawe. Sihitaji kukueleza ni nani anayezibeba; ukipita saa kumi na moja alfajiri utawapisha njiani, akina mama na wasichana wenye sare za shule chini ya khanga.

Dawa inajulikana. Ni tenki la plastiki, lile jeusi tunaloliita Simtank hata likiwa la kampuni nyingine, lililowekwa juu kuliko bomba la juu kabisa la nyumba. Maji yakitoka usiku wa manane, tenki linajaa. Yakikatika siku nne, nyumba inaishi. Fizikia yake ni ya sekondari: kila mita 10 za kimo huongeza takriban bar 1 ya presha. Tenki lililoinuliwa mita 3 juu ya bomba linatoa kama bar 0.3, presha ndogo, bomba la mvua halitakupiga mgongoni, lakini maji yanashuka, hayahitaji umeme, hayahitaji mtoto. Uzito nao ni hesabu nyepesi. Lita 1,000 ni tani moja kabla hujaweka uzito wa tenki lenyewe. Kwa hiyo huwezi kulikalisha kwenye kenchi za mbao. Linataka nguzo zake zinazoshuka hadi kwenye msingi, nondo, zege la juu, na ngazi ya mtu kupanda kulisafisha. Linataka, kwa maneno mengine, mnara mdogo juu ya nyumba.

Nyumba ya mbele yangu ina tenki la lita 2,000. Liko chini, uani, kwenye matofali matatu, karibu na choo. Maji yakitoka linajaa vizuri kabisa, kisha familia nne za wapangaji zinachota kwa kopo, zinajaza ndoo, zinapanda ngazi kwenda vyumbani. Mahali pa juu kabisa pa nyumba ile, penye nguzo nne za zege zilizonyanyuliwa kutoka kwenye msingi kwa gharama ya mwenye nyumba, pamekaliwa na kijumba cha vioo vya bluu.

Nilimuuliza fundi mmoja aliyejenga viwili vya namna hiyo mtaani kwetu, mtu mzima, mwenye miaka mingi kwenye kazi. Nilimuuliza kwa nini asimshauri mteja aweke tenki palepale. Hakukasirika. Alifuta mikono kwenye suruali, akaniambia: "Mdogo wangu, tenki ni shida. Mtu akiliona juu ya nyumba yako anajua huna maji. Sasa nani atajenga nyumba ya milioni ngapi halafu shida yake aiweke kichwani, mtaa mzima uione?"

Nimeyafikiria sana maneno hayo kwa sababu ni uhakiki bora kuliko mwingi niliousoma. Fundi alikuwa ameeleza maana ya paa katika mji wa vilima kwa sentensi tatu. Kama paa ni uso, tenki ni kovu. Kijumba cha vioo kinasema hapa hapana shida. Na kwa kuwa jirani wa juu ndiye anayekuona utosi, na jirani wa juu ndiye mwenye shida kubwa zaidi ya maji, kijumba kinasema hivyo kwa mtu yuleyule atakayeuma midomo akikisikia.

Lakini hapo ndipo nisipokubaliana naye. Aibu ya tenki imetengenezwa, na sura mbaya ya tenki imetengenezwa pia. Tenki letu ni baya kwa sababu tunalitupia juu kama mzigo: vyuma vilivyounganishwa kwa haraka, bomba linaloning'inia, kamba. Hatujawahi kulipa heshima ya kulichora. Kuna nyumba moja, upande unaoelekea barabara kuu, ambayo naipita makusudi ninapokwenda mjini. Si kubwa. Mwenyewe amejenga chumba kidogo juu ya bafu, kona ya nyuma, kwa matofali ya matundu, yale yanayopitisha hewa, na kukiezeka kwa bati mteremko mmoja. Tenki limo ndani. Hulioni, ila jua likiwa nyuma yake unaona kivuli chake kinene kati ya matundu. Jioni matundu yale yanatupa nukta za mwanga kwenye ukuta wa jirani. Kimo chake kinalingana na nyumba, kwa sababu hakikuchaguliwa kwa jicho peke yake: tenki lilikuwa na kimo fulani, mtu wa kulisafisha alihitaji nafasi ya kuinama, basi. Vile vijumba vya picha za simuni huwa vidogo mno au virefu mno, kama kofia ya mtoto kwenye kichwa cha mzee, kwa kuwa vilinakiliwa kutoka kwenye majumba ya ghorofa mbili yenye viwanja vya kuchezea tenisi.

Na kuna wenye akili zaidi ya mwenye nyumba hiyo. Juu kabisa, mahali ambapo njia inaacha kuwa njia, kaya kadhaa zimekalisha matenki juu ya mawe. Jiwe kubwa kama basi, bapa kwa juu, limekaa pale kabla ya mtu yeyote kumiliki chochote, na juu yake tenki jeusi, na bomba linaloteremka ubavuni mwa jiwe hadi jikoni. Msingi haukuchimbwa, nondo haikununuliwa. Mji ambao wageni huupiga picha kwa mawe yake yaliyobebana ulikuwa na minara tangu zamani, na waliogundua hilo ni watu wasioweza kulipa minara mingine.

Kuna kazi ya pili ambayo kijumba chetu kimeikataa, nayo nitaipitia haraka. Ni joto. Chini ya bati, saa nane mchana, hewa ya darini inakuwa kama ya tanuri, na haina pa kutokea kwa sababu tumeziba kila kona kuzuia popo. Maghala ya Nyakato yamewekewa vile vibulungutu vya bati vinavyozunguka kwa upepo na kunyonya joto la juu. Havina urembo wowote, na siku za upepo wa ziwa vinametameta vikizunguka, navipenda. Kijumba chenye madirisha ya kweli, yenye mbao za mlalo badala ya kioo kilichobandikwa, kingefanya kazi hiyohiyo bila hata kipande kinachozunguka. Tundu tu. Nashangaa kwamba tumenakili kila kitu kwenye picha ile isipokuwa tundu, ambalo halina bei.

Hapa chini ya njia yetu kuna nyumba inayoendelea kujengwa. Kuta zimefika kwenye lenta, na kona ya mbele nguzo nne zinapanda juu kuliko nyingine. Mwenyewe alikuja Jumamosi na simu yake mkononi, picha imefunguliwa, kipaa chekundu na jogoo wa chuma. Fundi aliitazama, akasema sawa, inawezekana, kisha akamuuliza kama anataka nguzo za kubeba kitu au za kuonekana tu, kwa sababu nondo za kwanza ni nene na za pili ni nyembamba, na duka linafungwa saa kumi. Yule bwana alimwangalia mkewe. Mkewe alikuwa ameketi juu ya tofali, akitazama njia ya mawe inayoteremka kwenda kwenye bomba la chini, na akauliza lita elfu mbili zina uzito gani.